Upande wa Pili wa Daraja

Tiketi nne, faranga elfu kumi kila moja.
Mama amezifunga ndani ya leso,
na tangu Katuba hadi mjini hakuacha kusema:
pesa ya unga wa mwezi,
kwenda kusikiliza kelele zilizonikosesha usingizi miaka mitano!
Lakini amevaa kile kikwembe cha harusi ya Shangazi Ngosa.

Ukumbini feni ni tatu, moja haizunguki.
Vijana hamsini, mashati meupe,
selo iliyopasuka ikaunganishwa kwa gundi ya seremala,
tarumbeta za kuazima kanisani.
Mpiga ngoma kubwa za shaba namjua:
ni fundi wa magurudumu kule Ruashi,
alinizibia tairi Jumanne.
Leo amejisugua mikono mpaka viwiko.

Mwewa amekaa kati yetu, ndevu tayari zina mvi mbili tatu.
Lori lake linangoja Kasumbalesa;
amewaambia anaumwa.

Wimbo wa kwanza siujui.
Wa pili nilishausahau.
Wa tatu unapoanza, kwa violini peke yake,
goti la Mwewa linashtuka,
kisha vidole gumba vyake, juu ya suruali:
kushoto, kushoto, ruka,
ngoja mkuki upite,
ruka.

Televisheni yetu ilikuwa na mgongo kama wa ng'ombe.
Kile kifaa kilitoka Zambia ndani ya robota la mitumba,
kitufe kimoja tulikifunga kwa bendeji.
Nyuma ya ukuta, Mama na cherehani yake ya mguu,
sare za shule za watoto wa watu.
Wimbo huu ulikuwa mwembamba siku zile,
nyuki ndani ya kopo la maziwa.
Ukifika darajani Mwewa anaanguka mtoni,
na wimbo unaanza upya.
Siku nyingine haanguki yeye, unaanguka umeme,
na mtaa mzima unaguna kwa mdomo mmoja.
Anaanguka. Unaanza upya.
Cherehani nayo ikajifunza: inasimama palepale,
Mama anasonya, anakata uzi.

Usiku mmoja alikibeba kile kifaa
akakifukia katika pipa la unga.
Siku tatu bukari yetu ilinukia waya.

Sasa anainama sikioni mwangu.
«Hii minaiyua. Njo ile ya ku kilalo.
Sasa hivi anakufa.»

Na kweli fundi wa Ruashi anainua mikono yote miwili.
Mwewa amefumba macho,
mabega yamekaza kama ya mtu anayengoja kumwagiwa maji baridi.
Mama anakishika kidole gumba chake cha kulia,
anakibana.

Wimbo haukukatika.

Ulivuka.
Ngoma zilinyamaza, na huko ng'ambo
filimbi moja ikawa inatembea polepole
kama mgeni anayetafuta nyumba kwa kusoma namba za milango.
Kisha selo ya gundi ikamjibu. Kisha wote.
Sikujua niiweke wapi mikono yangu.
Kumbe kulikuwa na huku!
Mtu fulani, mbali sana, alikaa akauandika hadi mwisho,
nao ukangoja ndani ya sanduku lile,
ukangoja hata ndani ya unga,
sisi tukirudi mwanzo kila usiku.

Baba, tuliyedhani amelala,
akauliza, «Hapa wameongeza?»
«Hapana, Baba. Ilikuwa mlemle.»
«Mlemle,» akasema, na hakulala tena.

Nje vumbi limelowa kidogo, mvua imepita bila kutuita.
Mama anatembea na kidole cha Mwewa mkononi
kana kwamba ni chenji aliyorudishiwa.
«Na kile kifaa kiko wapi?»
«Mama, ulikiuza.»
«Nilimuuzia nani?»
«Mwenye duka la Kamalondo. Ukanunua zipu.»
Tunapita taa mbili, ya tatu haiwaki.
«Zilikuwa zipu nzuri,» anasema,
na kidole hakiachii.